Mabawa ya Mbao

Hapa Vasco, mji wetu wa bandari, hakuna seremala mkaidi kama Agnelo Pinheiro, nasema hivyo mimi jirani yake ninayempenda. Jeshi la majini lilipokuwa likichagua ndege za kivita za meli zake mpya, yeye ndiye aliyechonga mabawa ya mbao yenye vipimo vilevile vya ndege zilizoshindanishwa, ili waone ipi itaenea kwenye lifti ya kuzipandisha juu ya meli. Wakamwapisha asimwambie mtu.

Naye akaziba mdomo kwelikweli. Mkewe Filomena akimuuliza neno, anageukia ukutani. Miezi minane hivyo! Mwishowe mama wa watu akafunga virago, akaenda kwa dada yake, mji wa Margao. Tangu hapo Agnelo anakula amesimama jikoni, sufuria mkononi.

Jana, miaka sita baadaye, redio ikatangaza ndege iliyochaguliwa. Agnelo akaja kwangu mbio kuazima simu, maana akipiga kwa simu yake mwenyewe Filomena hapokei. Akaiweka spika.

"Filu, ni mimi. Usikate! Ilikuwa kazi ya jeshi, ndege za kwenye meli. Waliniapisha. Sasa ningekwambiaje nafanya nini?"



"We mzee, nani alikuuliza unafanya nini?" Filomena akasema. "Mimi nilikuwa nauliza utarudi saa ngapi, nikuwekee chakula."