Bima ya Sajini

Mume wangu alistaafu upolisi mwaka ule ule nilioacha kufundisha, miaka ya themanini ikielekea mwisho. Yeye ni mtu wa magharibi mwa nchi, mimi ni wa hapa Nyeri, na tangu tuoane lugha ya nyumba yetu ilikuwa Kiswahili. Majirani waliendelea kumwita Sajini hata baada ya kurudisha sare. Mimi pia nilimwita hivyo nilipokuwa nimemkasirikia.

Miaka yote tuliyofanya kazi, bima ya hospitali ya serikali ilikatwa kwenye mishahara yetu bila sisi kuulizwa. Kadi zilikaa kwenye droo pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Tulipostaafu makato yalikoma, na mimi sikufikiria lolote, ingawa Sajini alikuwa na ugonjwa wa sukari na presha. Kila asubuhi alimeza vidonge vyake kabla ya chai, amesimama wima kama anayekaguliwa.

Jumanne moja alasiri akaja wakala wa kampuni ya bima ya watu binafsi. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, sasa amevaa tai na kubeba mkoba. Alitandaza mezani vijitabu vyenye picha za hospitali ya Nairobi: pazia kwenye kila dirisha, kitanda kimoja kwa kila chumba. Nilimwona mume wangu akiishika picha ile kwa mikono miwili.

Nilijua kwa nini. Kabla hatujaoana, akiwa kituo cha Timau, alivunjika mguu akalazwa katika wodi iliyofurika. Alilala siku tisa kitanda kimoja na mzee aliyekuwa na ugonjwa wa tumbo. Asubuhi ya kumi aliamka akakuta mgongo uliogusa wake umekuwa baridi. Hilo alinisimulia mara moja tu.

Nilikwenda jikoni kuchemsha chai. Niliporudi fomu ilikuwa imeshajazwa, na wakala alikuwa akifunga mkoba. Alikunywa chai yake haraka, akaniambia, "Mwalimu, sasa msiwe na wasiwasi," akaondoka.

Nakala iliachwa mezani. Niliisoma kama nilivyokuwa nikisoma insha za watoto, mstari kwa mstari. Palipoulizwa magonjwa ya mwombaji paliandikwa: Hakuna.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Ati ndio kawaida," akasema. "Wote wanaandika hivyo. Ukiandika ukweli wanakukataa."

"Na wewe ukatia sahihi?"

Alitazama dirishani. "Sitaki kulala tena na mtu mwingine kitanda moja. Hiyo tu."

Nilikunja nakala nikaiweka kwenye droo. Lakini kesho yake asubuhi nilivaa koti langu la kanisani nikashuka mjini, hadi ofisi ya kampuni ile. Wakala alikuwa ametoka. Nilimkuta mama mmoja wa makamo aliyekuwa msimamizi, amezungukwa na faili. Nilimwomba aniambie kitu kimoja: sukari ikimlaza mume wangu, kampuni italipa?

Aliitafuta fomu, akaisoma, kisha akainuka akafunga mlango.

"Anatumia dawa?"

"Miaka sita sasa."

"Basi hospitali iko na faili yake. Wakiiona, hawatalipa. Na hata ingekuwa hana ugonjwa, akizeeka kidogo tu wanamtoa." Alinipa fomu ile niondoke nayo. "Mimi kazi yangu ni kuuza, mama. Siwezi kukwambia usinunue. Lakini unaweza kuniuliza mama yangu nimemwandikisha wapi."

Nikamuuliza. Akanyoosha kidole dirishani, ng'ambo ya barabara, zilikokuwa ofisi za serikali.

Huko nilipanga foleni hadi karibu saa saba. Karani alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya mafua, na nilitarajia anifukuze. Badala yake alichukua kadi zetu, akazigeuza, akasema bado hazijafa. Mstaafu anaweza kuendelea kujilipia mwenyewe. Hakuna anayeulizwa ana ugonjwa gani. Ila tulikuwa na hadi Ijumaa. Tukichelewa, tungeanza upya na kungoja kama wageni. Alitaka sahihi ya mume wangu na barua yake ya kustaafu.

"Lakini haitalipa kila kitu," akanionya. "Dawa zingine mtanunua."

"Angalau wewe umeniambia," nikasema.

Nyumbani nilimkuta Sajini akipalilia viazi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye matuta, viatu vya kanisani vikizama kwenye udongo. Alipofahamu maana ya lile neno moja aliloliwekea sahihi, aliacha jembe.

"Miaka thelathini nimeandika statement za watu," akasema polepole. "Nimeshika watu kwa uongo mdogo kuliko huo." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na kitanda?"

Nilimwambia karani alisema kadi inakubaliwa pia katika hospitali za misheni. Hakuamini. Kwa hiyo Alhamisi tulikwenda pamoja hospitali ya misheni, njia ya kuelekea Mwea, kwenda kutazama vitanda tu. Mtawa aliyetupokea alidhani tunamtafuta mgonjwa wetu. Sajini alipomweleza shida yake, hakucheka. Alitutembeza wodi ya wanaume yote, na kila mgonjwa alikuwa peke yake. Mwishoni alionyesha kitanda kitupu. Mume wangu aliomba ruhusa, akakikalia, akajaribu godoro kwa kiganja. Ijumaa asubuhi alitia sahihi mbele ya karani.

Mwaka uliofuata, wakati wa mavuno, alikwenda kumtembelea binti yetu aliyeolewa huko Mwea. Alikanyaga bua kali la mpunga uliovunwa, akaficha kidonda hadi mguu ukavimba. Walimkimbiza hospitali ile ile. Nilifika kadi nimeifunga kwenye leso. Alilazwa wiki tatu, peke yake kitandani. Dawa zingine tulinunua, kama tulivyoonywa, na kidole kimoja cha mguu kilikatwa. Lakini hakuna aliyekataa kulipa kwa sababu ya sukari yake.

Siku ya kutoka, mhasibu wa hospitali alipiga muhuri karatasi zetu, akasema tunaweza kwenda. Sikuinuka.

"Hakuna kingine?" nikauliza.

"Hakuna, mama."

Niliuliza mara ya pili, na mara ya pili akanijibu kwa upole. Ndipo nilipohisi mabega yangu yakishuka, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa ameyashikilia wiki zote tatu. Sajini alisimama kando yangu kwa magongo, amenyolewa, akisema ana njaa.

Tulipofika Karatina tuliingia hotelini. Aliagiza soda. Nilimtazama. Akamwita tena mhudumu, akabadilisha: chai ya rangi, bila sukari, na mayai mawili. Alikula yote, akachukua na mkate kwenye sahani yangu, na mimi nikamwachia.