Mashavu ya Mtoto wa Karani

Nilipokuwa mdogo, ndugu yangu, niliamini kabisa kwamba kusoma kunanenepesha. Herufi ziliingia machoni, zikateremka mashavuni, zikakaa. Mtaa wetu wote wa Chemchem uliamini hivyo, na ushahidi tulikuwa nao: mtoto wa karani wa reli, mnene kama gunia la mpunga, akipita ardhi inaitika. Baba yake kasoma, mama yake kasoma, naye anasoma. Sisi wengine tuliweza kupenya chini ya mlango uliofungwa.

Juzi nilipita pale. Nyumba ya karani imekuwa gereji, na ile harufu ya samli iliyokuwa ikitutoa udenda imeondoka na wenyewe.

Mimi kunenepa kulikuwa haja yangu hasa. Baba mkubwa alikuja kutoka Goweko, akanishika mkono kama anayechagua kuni, akamwambia bibi, "Mama, huyu unamlisha upepo? Mvua zikiisha nikamkuta hivi, namchukua. Atakula kwangu, na tumbaku atachuma."

Pale nyumbani bibi alikuwa na mimi tu.

Basi kila alasiri, nikishateka maji, nilikwenda barazani kwa karani. Mtoto wake alikatazwa kukimbia, asije akapungua watu wakasema mshahara wa baba umekatwa, kwa hiyo alifurahi kupata mwenzake. Alinifundisha herufi huku akitafuna mkate wa siagi, akihema kwa kufunua ukurasa tu.

"Polepole, wee! Ukizibugia zote zitakupalia."

Nilifika M. Zilizobaki nilizikuta shule ya usiku, nikiwa na ndevu. Jioni bibi akinipapasa mbavu, nilimhakikishia shavu la kushoto limeshaanza.

Mvua zikaisha, baba mkubwa akarudi.

"Shikamoo, baba mkubwa. Nimefika M, ningoje nimalize!"

Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwambia bibi afunge nguo zangu. Bibi alizifunga taratibu, akazifungua, akazifunga tena. Nikakimbia kwa mke wa karani nikilia, nikamwomba kitabu kinene kuliko vyote alivyo navyo, kinifae leo hii.

Alinifuta kamasi kwa upindo wa kanga.

"Mwanangu, herufi hazina mafuta. Huyu wangu anakula wali wa samli na chai ya maziwa, wala hatumwi hata kisimani. Wewe unakula ugali na mlenda mara moja, halafu unateka maji kutwa. Ungekula kama yeye na kukaa kama yeye, ungenenepa bila kuijua hata A."