Jani la sale kwa golikipa

Jumamosi, uwanjani Tengeru, nilimwonea golikipa wivu. Mpira ulipita nje ya nguzo, refa akapuliza goli. Golikipa akaketi chini, akakataa kuinuka. Refa akaenda kuipapasa nguzo, akakuta tope la mpira upande wa nje. Hakusingizia jua. Alichuma kwenye uzio jani la sale, lile tunalopelekeana Wameru tukiombana msamaha, akampa kijana kwa mikono miwili, Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na umati wote wakitazama.

"Nimekosa, mdogo wangu. Si goli."

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, maana refa huyo ni mume wangu. Mwaka tuliooana alinisingizia mbele ya mama yake kwamba nimepeleka ndama wao kwetu. Ndama akaonekana siku ile ile, migombani. Mume wangu hajasema neno mpaka leo.

Njiani nikamuuliza, "Mzee, na yule ndama?"

"Mama, hayo ni ya zamani."

"Golikipa amengoja dakika mbili tu."

Akakohoa.

Basi waamuzi, kosa lirekebisheni kabla mpira haujaanzishwa tena. Uzio wa nyumba yetu ni masale matupu, na kwa miaka thelathini naupogoa mwenyewe.