Kitabu Nilichompa Tata

Jamani, sikilizeni yaliyonikuta.

Mlitaka niwatajie kitabu kizuri cha uchumi. Nilichomaliza juzi ni kitamu mno, kinasema mali isiyozalisha ni mzigo. Nikampa Tata, baba yangu, kule Kagoma.

Leo kanipigia, kachangamka: "Mwanangu, nimekielewa! Kile kipande cha kibanja kisichotoa ndizi wala kahawa, kesho mnunuzi anakuja kukipima."

"Kipande gani, Tata?"

"Pale penye makaburi."

Babu yupo pale. Na Mama.

Nikakaa chini, hapo hapo sokoni Bukoba. "Ukoo utasemaje?"

Tata akacheka. "Ukoo ulikaa jana. Nikawasomea. Wamekubali wote."

Niko kwenye basi naelekea Kagoma.

Kitabu kisomeni. Ila msithubutu kukipeleka nyumbani.