Msuko wa Neema

Siku yangu ya kwanza saluni, Braamfontein, kusini mwa Afrika, mwaka 2015, patroni wetu, mwenye saluni, hakuniuliza nimetoka wapi. Alinisimamisha nyuma ya mteja akasema, "Chana nione." Alikuwa anapima mkono wangu. Nyinyi mnaojifunzia ususi kwenye simu, nywele husomwa kwa vidole kwanza. Ngozi ikiinuka ukivuta, legeza. Mzizi ukiwa dhaifu, usisuke kabisa, kwa sababu rasta, yaani nywele za kuongezea, zina uzito na zitang'oa hata kilichobaki.

Sheria hiyo ni ya patroni, na alinikumbusha alipokuja Mama Neema, mwenzetu wa Bukavu. Dawa za saratani zilikuwa zimempukutisha nywele, ndiyo kwanza zinaota tena, laini mno. Binti yake Neema, aliyemwacha kwa bibi angali mdogo, alikuwa anaingia kesho yake kwa basi na mjomba. Picha pekee ya mama aliyokuwa nayo mtoto ilimwonyesha amesuka.

"Kuna wigi nzuri," patroni akamwambia.

"Nimechoka kujificha, patroni. Nataka mwanangu anijue."

Patroni akanivuta pembeni. "Eish, dada, zikikatika ataondoka hapa analia."

"Mbona hata sasa analia? Tujaribu. Tukishindwa, basi."

Akaniachia kiti, amenuna.

Nilichukua rasta chache sana, nikasuka misuko myembamba bila kukaza. Niliogopa muda wote. Mama Neema alipojitazama kwenye kioo aligusa msuko mmoja mmoja, na mimi nikajifanya naokota vitana.

Stesheni mtoto alimtambua, wakakumbatiana, na msuko mmoja ukabaki mkononi mwa Neema. Mama mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Mtoto aliutazama, akautia mfukoni, akamshika mkono kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mama Neema hakumaliza mwaka, maskini. Baada ya maziko Neema alikuja saluni na mjomba wake, akautoa ule msuko.

"Tantine," akaniita, kama shangazi yake, "unaweza kunisuka nao?"

Ulikuwa mfupi, umeanza kufumuka. Patroni alikuwa amesimama karibu, akaangalia nje.

"Tujaribu, mama," nikamwambia, nikamsukia nyuma ya sikio.

Mwaka 2019 vidole vilikakamaa, nikaacha kazi. Wasusi wapya huniuliza kichwa gani wakikatae. Nawafundisha ile sheria ya patroni, maana ni ya kweli. Mimi mwenyewe nilikataa vichwa vingi, na hakuna hata kimoja ninachokikumbuka.