Mahali pa Nyabenda

Mke wangu aliitwa Nyabenda kwa sababu alizaliwa wa tisa. Kwetu Kayanza wa saba ni Nyandwi, wa nane Minani, wa tisa Nyabenda.

Alipoolewa alikuta shamba langu linaanzia njiani na kushuka mpaka bondeni penye maji. Alilima maharage, alilima viazi, akazaa. Yeye alizaa, ardhi haikuzaa. Kila kijana aliyetaka kuoa nilimkatia kipande, maana kwetu asiye na nyumba hapewi mke. Wa tatu alipojenga, tulibaki na nyumba yetu na migomba iliyo nyuma yake. Humo ndimo walimozikwa wazazi wangu, na nafasi iliyobaki ilikuwa yetu sisi wawili.

Nyandwi, kitinda mimba wetu baada ya kaka watatu na dada watatu, alikuwa bado. Baba wa mchumba wake akaja kuangalia. Tukampa pombe ya ndizi.

"Pombe yako nzuri, mzee mwenzangu. Binti yangu atalala wapi? Mgongoni mwako?"

"Patapatikana mahali."

"Wapi? Hapa kuku akigeuka tu kaingia kwa jirani."

Watu wakacheka, hata wanangu. Akasema mtama ukivunwa hajaona ukuta, binti ataolewa kwingine.

Alipoondoka, Nyabenda akasema, "Mzee, mpe kijana pale kwenye migomba."

"Pale ni petu."

"Petu tukifa. Yeye yu hai."

"Wewe nikuzike wapi?"

"Kwenye makaburi ya komini, wanakozikwa watu wote."

"Katikati ya watu usiowajua?"

"Watanifanya nini? Wamelala. Wewe umekoroma miaka yote nikavumilia."

Nikakataa. Wakati huo kifua kilikuwa kimeshamshika. Neno lile alilisema tena na tena, hata sauti ilipokuwa haitoki vizuri. Kisha akafa, mtama ukiwa bado mbichi.

Kaka yangu Barampama alikuja na jembe, akaenda moja kwa moja kwenye migomba. "Nionyeshe pa kuchimba."

Nyandwi akanifuata. "Baba, mzike mama hapa. Mimi nitakwenda Tanzania kulima vibarua."

Vijana wa jirani walikwenda hivyo. Mama zao bado wanauliza habari zao kwa wapita njia. Nikamwambia kaka, "Hatuchimbi hapa. Tunampeleka kwenye makaburi ya komini."

"Mkeo alikosa nini hata umtupe huko?"

"Mwenyewe ndiye aliyesema."

"Na wewe mwanamume ulisema nini?"

Tukambeba kwa machela. Kaka alikuja nyuma kabisa.

Matanga yalipokwisha tulikata migomba, tukaacha ile ya juu ya wazazi. Vijana wote wanne walifyatua matofali. Nyumba ni vyumba viwili, na mlango wake unatazamana na wangu. Baba wa binti alipoona ukuta aliomba pombe tu. Binti akaja. Ni mchapakazi, ananiletea chakula kabla hajampa mumewe.

Siku za soko mimi hupita makaburini kumwona Nyabenda. Kulia kwake amezikwa mtoto mchanga wa watu, kushoto mwalimu mmoja. Nimewaambia wanangu nami wanipeleke huko. Mchimba kaburi anasema mstari ule umeshajaa, nitalala mbali naye kidogo.