Mwamba Mkavu wa Fundi Tone

Fundi Tone, mchimba visima, alikuwa na sifa moja iliyompa ulaji: hakumwacha mteja ajisumbue bure. Pasipo na maji alisema hapana, hata kama nyumbani kwake jiko halijawashwa tangu jana.

Kwa hiyo wageni wawili wa serikali walipomkuta akinoa sululu, wakamuuliza ni wapi hapo kijijini pakavu kuliko pote, hakuuliza sababu. Tangu lini mtu akatafuta ukavu? Bila shaka walitaka kujua pa kuepuka. Akawapeleka kilimani, nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

"Hapa msihangaike, wakubwa. Nimechimba miaka nenda rudi, hata unyevu sijauona."

Wageni wakatazamana, wakacheka. Maskini, naye akacheka.

Baadaye ndipo ilipotangazwa: sera ya taifa ni kuzika taka za nyuklia chini kabisa ardhini, kwenye mwamba usiopitisha maji. Kilima kingepimwa kwanza. Maji yakionekana, serikali ingetafuta kwingine. Yakikosekana, nyumba za pale zingehamishwa, na ya Tone ilikuwa ya kwanza.

Hakumwambia mkewe kuwa ndiye aliyewaonyesha kilima. Kila jioni mtambo wa kupimia kilima ulipozimwa, alikwenda kuokota vipande vya mwamba vilivyotolewa chini, akavigusisha shavuni kutafuta ubichi. "Unyevu kidogo tu, Mungu wangu." Akarudi na vumbi usoni.

"Usijitese, baba watoto," mkewe alimwambia, akimpangusa kwa ncha ya kanga. "Maji yatatoka tu. Aliyewaleta hao watu hapa alaaniwe, lakini mimi siondoki. Wanangu wawili wamelala pale nyuma ya jiko, nitawaachia nani?"

Tone akajipangusa vumbi lililobaki.

Siku ya matokeo, injinia alisimama mbele ya kijiji kizima akatangaza kuwa mwamba ni mkavu hadi chini. Kisha, kwa moyo mweupe kabisa, akamwita Tone na kumpa mkono.

"Mzee huyu ndiye aliyetuonyesha. Bila yeye tungetafuta sana."

Tone aliogopa kugeuka. Alipogeuka, mkewe hakuwapo.

Alimkuta nyuma ya jiko, ameketi katikati ya makaburi mawili madogo, kampa mgongo.

"Mama watoto, nilidhani wanatafuta maji."

Mke hakugeuka. Hakulia.

"Kalete sululu yako," akasema. "Mchimbaji ni wewe. Wafukue mwenyewe."